Gobore, .375 na mguu wa mjomba

Wadau, mnaijua ile sentensi ya magazeti yetu: walikamatwa na bunduki moja aina ya gobore, goroli kadhaa na baruti. Ni sentensi ya kila mara, hasa kwa sisi tunaoripoti mikoa ya magharibi. Msomaji anaipitia, anafungua ukurasa wa michezo, kwisha habari. Leo nataka tusimame hapo hapo kwenye gobore, goroli na baruti. Ndani ya vitu hivyo vitatu kuna historia ndefu ya huku kwetu, na kuna mguu wa mjomba wangu pia. Nitafika huko, msiwe na haraka.

Niko Isikizya, makao makuu ya wilaya ya Uyui, nje ya mji wa Tabora. Kazi iliyonileta ni nyingine kabisa (mambo ya tumbaku), lakini jioni nimekuwa nikipiga soga na mzee mmoja ambaye enzi zake alikuwa mwindaji mwenye gobore la kibali. Jina lake naomba nilihifadhi. Gobore lenyewe hana tena, alishalipeleka polisi mwenyewe kwa hiari. Lakini mguse kwenye habari za baruti uone! Anaongea kama fundi cherehani anavyoongea juu ya kitambaa.

Kwanza elimu kidogo kwa wale ambao bunduki wanaiona kiunoni kwa mlinzi wa benki tu. Risasi ya kisasa ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa cha risasi mbele. Ukifyatua, kichwa kinakwenda zake, ganda linabaki. Sasa wawindaji wengi wa Marekani hawalitupi ganda hilo. Wanalisafisha, wanalirudishia umbo lake, wanaweka fataki mpya, wanapima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, kisha wanabana kichwa kipya. Wana vitabu vyenye majedwali: ganda hili, kichwa cha uzito huu, baruti kiasi hiki na usizidishe. Wanafanya hivyo kwa sababu inapunguza gharama, na kwa sababu kila bunduki ina tabia yake, hivyo mtu anatafuta risasi inayoelewana na bunduki yake na mnyama anayemfuata. Kwao ni starehe ya jioni, kama bao kwa wazee wetu.

Gobore halina ganda. Mwenye gobore anajipakilia risasi kwa kila mlio, apende asipende. Anamimina baruti mdomoni mwa mtutu, anaweka tambara au nyuzi za kamba, anashindilia kwa mdeki, anatia goroli au marisau, anashindilia tena ili visimwagike, mwisho anaweka fataki. Ndiyo maana wengine huiita bunduki ya kushindilia. Mzee wangu alikuwa na kipimo chake cha baruti, kipande cha pembe alichoachiwa na baba yake. Kwa kanga, kipimo kidogo na marisau mengi. Kwa mnyama mkubwa zaidi, kipimo kinapanda na chuma kinakuwa kimoja, kizito. Hakuna jedwali. Ukizidisha, mtutu unapasuka usoni kwako. Ukipunguza, mnyama anaondoka na chuma chako mwilini.

Kwa hiyo babu wa Uyui na fundi wa Marekani wanasumbuliwa na swali moja: baruti kiasi gani, chuma cha uzito gani, kwa mnyama yupi? Tofauti ni kwamba mmoja ana mizani na kitabu, mwingine ana pembe na kumbukumbu.

Tena kuna moshi. Baruti nyeusi ya gobore ikiwaka inatoa wingu jeupe mbele yako, humwoni mnyama wala pa kukimbilia, na kupakia upya ni shughuli ya kusimama na kuhesabu hatua. Moshi huo uliwatesa hata askari wa Wajerumani mwaka 1914. Wengi wao walianza vita na bunduki za mtindo wa 1871 zinazotumia baruti nyeusi, wakati adui zao walikuwa na baruti isiyo na moshi. Ukifyatua tu, umeonyesha ulipo.

Sasa kwa nini gobore limebaki huku kwetu hivyo? Watu wa mjini wanajibu haraka haraka kuwa wanakijiji wamebaki nyuma. Jamani, si kweli. Wanyamwezi walikuwa wawindaji wa tembo wenye chama chao na miiko yao, waliitwa bayege. Jina hilo lilisafiri hadi Katanga pamoja na Msiri, ambaye watu wake huko Kongo wanaitwa Bayeke hadi leo. Meno ya tembo yalishuka pwani kwa njia ya misafara, Ujiji hadi Tabora hadi Bagamoyo, na bunduki na baruti zikapanda kwa njia hiyo hiyo. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola lake kwa vijana wenye bunduki. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipozidiwa na Wajerumani ndani ya ngome yake Januari 1893, alijilipua kwa baruti yake mwenyewe. Hawa hawakuwa watu wa kufundishwa bunduki ni kitu gani.

Kilichotokea ni sheria. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Lengo lililotajwa ni kupiga vita biashara ya watumwa, na ndani yake kukawa na kifungu cha silaha. Kwa sehemu kubwa ya Afrika, sisi tukiwemo, bunduki za kisasa zenye mifuo ndani ya mtutu na risasi zake zikapigwa marufuku kuingizwa, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na watu wachache wenye vibali. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa watu wa kawaida, tena kwa masharti, ni bunduki ya zamani isiyo na mifuo na baruti ya kawaida iliyoitwa baruti ya biashara. Someni hapo mara mbili. Mwafrika aliachiwa bunduki ya kushindilia kwa maandishi, Brussels, wakati teknolojia ilikuwa imeshamwacha mbali. Kuchagua kaliba likawa jambo la wengine.

Na hao wengine walichagua kweli kweli! Kaliba, kwa kifupi, ni upana wa risasi. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa .375, yaani kama milimita 9.5, na mpaka leo hiyo ndiyo kama kiberiti jikoni kwa wawindaji wa Afrika. Kichwa chake cha gramu 19 hivi kinatoka na nguvu ya juli zaidi ya 5,500. Linganisha na ile bunduki ambayo polisi wetu huiita SMG: risasi yake ina gramu 8 na nguvu kama juli 2,000 tu. Kwa nini kanuni zetu za uwindaji zinataka kuanzia .375 kwa wanyama kama tembo na nyati? Hesabu ndiyo hiyo. Nyati ana mifupa na misuli ya kuizuia risasi nyepesi kabla haijafika moyoni.

Kuna watakaonitajia W. D. M. Bell, yule Mskochi aliyewinda Karamoja, Uganda, na kuua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alipasua mafuvu ya tembo kujifunza ubongo umekaa wapi, akajua kuupiga akiwa upande wowote. Sheria haitungwi kwa ajili ya mtu kama huyo. Inatungwa kwa ajili ya mtu wa kawaida ambaye mikono inamtetemeka.

Hata kaliba kubwa peke yake haitoshi kama baruti haiko sawa. Risasi kubwa za zamani za Waingereza zilipewa maganda marefu makusudi ili msukumo ndani uwe wa chini, kwa sababu joto la nchi zetu linaupandisha, na ganda likikwama ndani ya mtutu mbele ya nyati hapo ni dua tu. Kisha mwaka 1956 Wamarekani walileta .458 yenye ganda fupi. Baruti ilibanwa mno ndani, baadhi ya risasi zikikaa muda mrefu baruti inagandana, na risasi inatoka bila nguvu iliyoahidiwa. Mwindaji Jack Lott, baada ya kujeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alitengeneza ganda refu zaidi linaloitwa kwa jina lake. Wengi waliokuwa wakijipakilia risasi wenyewe walifanya hivyo kwa sababu hiyo hiyo, kuwa na uhakika na kilicho ndani ya ganda.

Sasa mguu wa mjomba. Mjomba wangu ni mlina asali huko Sikonge. Siku moja alikuwa anarudi kutoka mizingani, hana silaha zaidi ya panga na moto wa kufukizia nyuki, nyati akatoka kichakani bila kuchokozwa. Alimvunja paja na kumwacha, sijui kwa rehema gani. Askari wa wanyamapori walipomfuata yule nyati na kumuua, walikuta begani ana jeraha lililooza na ndani yake vipande viwili vya nondo vilivyokatwa kwa msumeno. Mtu fulani alikuwa ameshindilia nondo kwenye gobore akampiga nyati, kisha akaenda kwake kulala. Mjomba ndiye aliyelipia. Mpaka leo anatembea na fimbo, na mizinga yake anaangaliziwa na watoto.

Nilimsimulia mzee wa Isikizya. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, mnyama usiyeweza kumlaza, usimwamshe." Yeye na gobore lake hakuwahi kumlenga nyati. Kwa maneno yake, pembe ya baba yake haikuwa na kipimo cha nyati, kwa hiyo nyati hakuwa wake.

Kwangu mimi hapo ndipo suala la kaliba linapoanzia. Huwa tunalijadili kiubabe, nani ana bunduki kubwa, nani analenga mbali. Kumbe swali la kweli ni nani atakutana na yule mnyama kesho kama leo hukumlaza. Atakutana naye mlina asali, au mama anayetafuta kuni, au mtoto wa shule.

Kwa hiyo naunga mkono sheria iwe kali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hairuhusu mtu kujitengenezea silaha au risasi bila leseni, na mimi nasema sawa. Tumeshaona nini kinatokea silaha zikizagaa: tembo wetu walikuwa 109,000 hivi mwaka 2009, na hesabu ya 2014 ikaonyesha 43,000 na ushee.

Lakini kuna upande wa pili ambao wakubwa hawapendi kuusikia. Mkulima anayesalimisha gobore lake anabaki na debe la kupiga kelele. Nguruwe pori hawasomi matangazo. Tembo akiingia shambani usiku, askari mwenye bunduki yenye kaliba sahihi anatakiwa afike kabla mahindi hayajaisha, siyo baada ya siku tatu kuja kujaza fomu ya tathmini. Ukimnyang'anya mtu silaha isiyofaa, umechukua na jukumu la kumletea inayofaa, mikononi mwa aliyefundishwa kuitumia. Bila hivyo magobore yataendelea kuzaliwa usiku kwenye mabomba ya maji, na nondo zitaendelea kukatwa.

Mnaoishi jirani na hifadhi, Ugalla, Ipole na kwingineko, niambieni: mkipiga simu tembo akiwa shambani, anafika nani, na baada ya saa ngapi? Nitayafuatilia majibu yenu ofisi kwa ofisi. Alamsiki.