Tuliovuka kwa Kasia

Sisi tuliokuwa vijana wakati Azimio la Arusha linatangazwa mwaka 1967 tunazidi kupungua hapa Ukerewe, na kabla hatujaisha ni haki yenu, wajukuu zetu, kusikia kutoka kwetu jinsi matibabu yalivyofika visiwani. Hayakushuka melini yakiwa yamekamilika. Serikali ilitoa dawa na mganga; mawe ya kujengea zahanati tuliyasomba wenyewe kichwani, mchanga tukauchota ufukweni, kina mama wakipanda na ndoo za maji ya kuchanganyia saruji. Ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, tulikaa kwa makundi kuizunguka redio, mmoja ameshika kijitabu, na kipindi kikiisha tulikamata majembe tukachimba vyoo. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Kijana wa leo anaweza kucheka kwamba choo cha shimo kiliwahi kuwa fahari ya kijiji. Acheke, ila asisahau kwamba kichocho, ambacho ziwa letu bado linamgawia bure kila anayeoga na kuvua, huanzia kwenye kinyesi na mkojo vinavyoishia majini.

Lililotutesa kuliko yote ni maji yenyewe. Uchungu wa mama ukikwama usiku, mkunga wa jadi akasema limemshinda, wanaume walishika makasia bila kuulizana ni mke wa nani. Mgonjwa alilazwa juu ya majani makavu katikati ya mtumbwi, shangazi kampakata kichwa, kijana mmoja kazi yake kuchota maji kwa kata na kuyamwaga nje mfululizo, karabai ikiwaka mbele. Upepo ukibadilika, mlijibanza kwenye mwalo wa karibu mkasubiri. Wapo waliofika hospitalini Nansio wakajifungua salama, na watoto hao leo ni wazee wenzetu wadogo. Wapo waliozikwa kesho yake. Bugando ilipofunguliwa juu ya kilima pale Mwanza mwaka 1971, tulishukuru kwamba hospitali kubwa imesogea Kanda ya Ziwa. Hata hivyo, kati yetu na kilima kile maji yalibaki yaleyale.

Baadaye ikaja miaka ya kuchangia gharama, kuanzia 1993, na wengi wetu tuliozoea kutibiwa bure tukajifunza kuugulia ndani. Sitaki kukaa sana hapo.

Ninyi mmekuta mengi, na tunafurahi mmeyakuta. Tangu mwaka 2007 taifa limekuwa na mpango wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Chanjo tulizohifadhi kwenye jokofu la mafuta ya taa, utambi ukizimika tukihangaika, leo zinatunzwa kwa sola. Mama mjamzito akipata dharura, ndugu zake wanapiga 115 na mfumo wa dharura wa m-mama unamtafutia usafiri. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilizinduliwa Juni 2025, na wenzetu wa Sengerema hawakeshi tena na mgonjwa wakisubiri kivuko.

Lakini visiwa vyetu, Ukara na Irugwa, havina daraja, wala hatutarajii yajengwe. Huku, chombo cha majini ni sehemu ya hospitali sawa na kitanda. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojaza kupita kiasi, kilipinduka kikiwa karibu kutia nanga Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapotea mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Tuliozika siku zile hatuhitaji kuelezwa kwamba usalama wa kivuko ni jambo la afya. Na nesi je? Akipangiwa kisiwani akakuta chumba kinachovuja na hana jirani wa kazi, ataomba uhamisho kabla mwaka haujaisha, na kwa haki yake. Jengo litabaki zuri, limefungwa kufuli.

Kwa hiyo, vijana, mkutano wa kijiji ukiitishwa kupanga vipaumbele, msiwaachie wazee viti vya mbele mkabaki mwaloni kuhesabu dagaa. Njooni mseme. Kabla ya jengo jingine, daini boti ya wagonjwa yenye injini ya uhakika, mafuta yaliyotengewa fedha, maboya ya kutosha na nahodha anayelipwa mshahara. Kisha daini nyumba ya nesi. Mawe ya msingi bado yapo mlimani, na njia ya kuyashusha tutawaonyesha.