Sikio Halina Mlango

Jicho likichoka kutazama hufumbwa, na kinywa kikishiba hufungwa. Sikio peke yake limeumbwa bila mlango. Hukesha hata pale mwenyewe anapolala fofofo. Kwa sababu hiyo kelele ni mgeni asiyebisha hodi, na madhara yake ni makubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mibirizi, katika Wilaya ya Rusizi huko kusini-magharibi mwa Rwanda, inajulikana kwa misheni yake ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1903, kwa kahawa iliyochukua jina lake, na kwa hospitali yake. Katika nchi ya vilima kama hiyo sauti husafiri mbali. Tangu zamani yowe la kuomba msaada lilivuka bonde, na majirani wakaacha kazi zao wakaja mbio. Sauti kubwa ilikuwa amana ya jamii, nayo haikutumiwa ovyo. Aliyeipaza alikuwa na jambo.

Mambo ni mengine mtu anapoteremka mjini, iwe Kamembe, Kigali, Dar es Salaam au Nairobi. Honi za magari na pikipiki hushindana na redio za maduka. Usiku huingia muziki wa baa, vipaza sauti vya arusi na vya mikesha ya maombi. Kila mmoja huongeza sauti yake ili isimezwe na ya mwenziwe. Mwishowe hata yowe la mtu aliyevamiwa na wezi hupotea humo, na hakuna atokaye nje. Hapo kelele imekwisha kuwa suala la usalama pia.

Wakazi wa miji hupenda kujifariji kwamba wamezoea. Kuzoea, hata hivyo, si kupona. Mtu anaweza asiamke gari linapopita, lakini moyo wake huenda mbio na shinikizo la damu hupanda akiwa usingizini. Hali hiyo ikirudiwa usiku baada ya usiku kwa miaka mingi, huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kelele za magari na vyombo vingine vya usafiri zinawapokonya watu wa Ulaya Magharibi angalau miaka milioni 1 ya maisha yenye afya kila mwaka. Shirika hilo lilikwisha kushauri, mwaka 1999, kwamba sauti ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, yaani kiasi cha mnong'ono tu.

Masikio yenyewe nayo yana mpaka wake. Sauti ya desibeli 85 huweza kuvumiliwa kwa saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu, hata ikifika desibeli 100 ni dakika 15 tu. Vinyweleo vidogo vilivyomo ndani ya sikio, vinavyopokea sauti, vikifa havioti tena. Askari wanalijua hilo kwa njia ngumu: mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na anayepuuza vizibo vya masikio uwanjani mwa shabaha huweza kurudi nyumbani na mvumo usiokoma kichwani.

Serikali hazikunyamaza. Uganda ilitunga kanuni za kelele mwaka 2003, Kenya mwaka 2009 na Tanzania mwaka 2015. Nchini Rwanda, mwaka 2018, makanisa yapatayo 700 yalifungwa mjini Kigali kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele. Mwaka huo huo misikiti ya Nyarugenge ikatakiwa kuacha kuadhini kwa vipaza sauti. Tangu Septemba 2023 baa na kumbi za starehe ziliwekewa mwisho wa saa 7 usiku siku za kazi, na saa 8 usiku mwishoni mwa wiki.

Lakini polisi hawezi kusimama kwenye kila mlango. Kelele ina tabia moja ya ajabu: anayeipiga huiona furaha, na anayeipokea huiona adhabu. Dawa yake ya kwanza ni kumkumbuka asiyeonekana: mgonjwa aliyelazwa, mama aliyembembeleza mtoto hadi usiku wa manane, mwanafunzi mwenye mtihani, askari aliyetoka lindo la usiku na kutafuta usingizi wake mchana.

Yanayotakiwa nyumbani si magumu. Redio isikike chumbani mwake tu. Mwenye arusi awaarifu majirani mapema, aelekeze vipaza sauti ndani ya ua wake, na avizime kwa saa aliyoahidi. Watoto wafundishwe kupunguza sauti ya visikizio. Mwenye kuudhika naye aanze kwa kwenda kuzungumza na jirani kwa upole, kabla ya kumwendea balozi au polisi.

Jirani hachaguliwi, bali ujirani hujengwa. Mtaa unaojua kunyamaza usiku ndio utakaosikia yowe la mwenzao siku ya shida, na kufika kwa wakati.