Jozi ya Kati: Kuweka Dau au Kupita

Mchezo wa karata uitwao poka, katika namna yake ya Texas huko Marekani, una kanuni chache. Kila mchezaji hupewa karata mbili asizomwonyesha mtu. Kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa matumizi ya wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Katika kila hatua mchezaji huchagua kuweka dau au, ikiwa hakuna aliyemtangulia kwa dau, kupita. Apitaye hugonga meza kwa kidole, wala halipi kitu. Fedha yote huchukuliwa na mwenye karata tano bora, au na yule aliyebaki peke yake wenzake wakiisha kutupa zao.

Mwenye karata nzuri sana hana taabu, wala asiye na kitu hana taabu. Taabu ni ya yule aliye katikati. Tuseme mezani pana mfalme, tisa na nne, naye mkononi ameshika tisa na nane. Anayo jozi ya tisa. Aliyeshika nne amekwisha kushindwa naye. Aliyeshika mfalme amekwisha kumshinda. Je, aweke dau?

Wengi huweka upesi, kwa sababu moyo hauna raha na wanataka kujua mapema hali yao. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Swali lililo bora ni hili: nani atakayelifuata dau hilo? Mwenye nne aghalabu atatupa karata zake. Mwenye mfalme atafuata kwa furaha. Basi dau hilo limewafukuza walioshindwa na kuwabakiza washindi. Tena, katika karata 47 asizoziona, ni 5 tu zitakazomwongezea nguvu: tisa 2 na nane 3. Kupita humfikisha mbele kwa gharama ndogo.

Hata hivyo kupita si sheria ya daima. Ikiwa karata mbili kati ya zile tatu za mezani ni kopa, yumkini mwenzake ameshika kopa mbili nyingine, naye angoja ya tano. Kopa 9 zimebaki katika 47, yaani karibu nafasi moja katika kila tano. Kumwachia mtu huyo aione karata ifuatayo bure ni ukarimu usio na maana, yafaa alipe. Vivyo hivyo kwa mpinzani ajulikanaye kwamba hufuata kila dau hata kwa jozi ya nne: huyo awekewe. Lakini penye wapinzani wanne hatari ni kubwa kuliko penye mmoja, kwa kuwa ni rahisi zaidi mmojawapo kuwa na mfalme. Na karata ya mwisho ikiisha kufunuliwa, hapana tena anayengoja kopa; swali la kwanza hurudi na nguvu zake zote.

Jambo hili liliwashughulisha hata wataalamu. John von Neumann, bingwa wa hesabu aliyezaliwa Budapest mwaka 1903, aliitumia poka kuwa mfano katika kitabu juu ya nadharia ya michezo alichokitoa pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944. Hesabu za namna hiyo zaonyesha kwamba dau kubwa ni la karata bora, na mara chache la karata mbovu kabisa, ili mpinzani asijue la kusadiki. Karata mbovu haipotezi kitu ikitumiwa kutishia, maana haina thamani nyingine. Karata ya kati inayo thamani yake, na huiharibu yule aitumiaye kwa vitisho.

Askari wa doria hafyatui risasi gizani ili kujiondolea wasiwasi, kwani humwonyesha adui alipo. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Na fedha ya unga na karo ya watoto haina mahali mezani hapo: subira hii yote yaweza kujifunzwa kwa punje za mahindi, na asiyeweza kupita kwa punje hatapita kwa mshahara.