Daftari la Jikoni

Kwa miaka 11, katika nyumba yetu ya Magomeni, Dar es Salaam, daftari lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Lilikuwa kaunta buku la kawaida, na peni imefungwa kwa uzi ili isihame. Wageni walidhani ni daftari la madeni ya dukani. Ningependa, ndugu msomaji, nikueleze lilifikaje pale, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Wakati huo nilikuwa mtumishi wa masjala katika ofisi moja ya serikali. Kazi ya masjala ni kuhakikisha kwamba hakuna karatasi inayopotea. Barua ikiingia inagongwa muhuri wa tarehe, inaandikwa kwenye rejesta, inatiwa katika jalada na kupewa namba ya folio, kisha jalada linapelekwa kwa mhusika, naye anatia saini kwamba amelipokea. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na nilijivunia. Nyumbani mambo yalikwenda kwa kubahatisha. Ada ilikumbukwa mtoto aliporudishwa kutoka shule. Chumvi iligundulika imekwisha wakati mchuzi uko motoni. Nami nikirudi jioni nilivua viatu, nikavuta kiti karibu na redio, na nyumba nzima ikajua kwamba baba hasemeshwi hadi taarifa ya habari ya saa 2 usiku iishe. (Mwaka ninaousimulia ni 1994. Televisheni ndiyo kwanza ilikuwa inaanza Tanzania Bara, na kwetu haikuwa imefika.)

Jumanne moja ya mwezi Agosti, mtu wa kwetu Muheza aliyekuja kununua bidhaa Kariakoo alipita nyumbani. Alimkuta mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka 9, pamoja na binti aliyetusaidia kazi. Aliacha ujumbe kwa mtoto: shangazi hali yake si nzuri, anaomba nifike. Shangazi huyo ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, akanisomesha kwa kuuza machungwa, tenga kwa tenga. Binti, aliyekuwa uani akifua, alimwambia mke wangu tu kwamba kulikuja mgeni kutoka Muheza. Mke wangu akadhani ni yule ndugu tuliyekuwa tukizungumza naye kuhusu mpaka wa shamba, akajua atarudi. Jumamosi jioni jirani alinigongea dirisha. Alikuwa amesikia jina la ukoo wetu katika matangazo ya vifo ya Radio Tanzania.

Nilipanda basi la alfajiri. Njia nzima, kupitia Chalinze hadi Segera, nilikuwa napanga nani wa kulaumiwa. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumzika jana yake. Mkwe wake mmoja aliniambia, wala hakuwa na ubaya, kwamba hadi Alhamisi marehemu alikuwa akiuliza kama basi la Dar es Salaam limefika.

Niliporudi niliwaita wote sebuleni, nikawahoji mmoja mmoja kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka. Zamu ya mwanangu ilipofika alisema huku analia: "Baba, mimi nilikuja kukuambia. Ukafanya hivi." Akainua kiganja, kama askari anayesimamisha gari. "Nikasubiri redio iishe, nikapitiwa na usingizi. Asubuhi ulikuwa umeshaondoka. Nikajua mama amekwambia."

Niliikumbuka ile Jumanne. Nilimkumbuka mtoto amesimama mlangoni, mguu mmoja juu ya mwingine.

Wiki iliyofuata nilileta daftari. Kwa kuwa ujuzi niliokuwa nao ni wa masjala, nilipiga safu: tarehe, jina, jambo, aliyeshughulikia. Kwa muda wa mwezi mzima mwandishi alikuwa mmoja. Taa zizimwe saa 4. Ndoo zisiachwe uani. Nani alivunja birika? Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, huu ni ubao wa matangazo wa shule. Safu yako ya mwisho ni tupu, na mambo mengine niliyaandika mimi, nikingoja wewe uyashughulikie." Nikafunua. Kweli, mara tatu alikuwa ameandika kuhusu bati linalovuja juu ya kitanda cha watoto, kwa mwandiko mdogo katikati ya amri zangu. Bati likapigiliwa Jumapili hiyo. Baada ya hapo daftari likaanza kujaa: unga umebaki wa leo, mkutano wa wazazi Ijumaa, nimekwenda kusuka, nitarudi saa 12.

Binti wa kazi hakujua kuandika. Alichora: chupa maana yake mafuta ya taa, gunia maana yake mkaa. Binti yetu mdogo, aliyekuwa darasa la pili, akajifanya mwalimu wake jioni, na baada ya miezi kadhaa michoro ikawa maneno. Sentensi ndefu ya kwanza aliyoiandika peke yake ninayo hadi leo: "Baba msahara wa mwezi ulopita bado." Alikuwa na haki. Nililipa siku hiyohiyo, nikatia saini.

Siku hizi sote tuna simu, na familia ina kundi lake la WhatsApp. Juzi niliuliza humo nani atakwenda Muheza kusafisha makaburi. Watu 9 wamesoma. Aliyejibu ameweka kidole gumba.

Lakini jambo moja daftari halikulitengeneza upesi. Mwanangu aliandika kila kitu, hata nikiwa nimekaa mbele yake. Alipita, akaandika jikoni, akaenda kulala. Kula tulikuwa tunakula pamoja, redio imezimwa, naye anajibu anachoulizwa tu. Nadhani ilikuwa 1997 alipokuja tena usiku mmoja, taarifa ya habari inaendelea, akasimama palepale mlangoni. Nilizima redio. Alikuwa amefeli hesabu, na alitaka nijue kabla mama yake hajajua.