Niliyoyakata

Naungama: niliharibu ushahidi wa mzee wa watu, tena kwa jina la usomi.

Alikuwa Mzanzibari aliyehamia Silver Spring, Maryland, mtu aliyeondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Nilimrekodi nikitaka habari za siku zile tu: nani alikamatwa, yeye alitokaje. Kila nikiuliza, alianzia mbali: sikukuu za Mnazi Mmoja, taarab ya Akhwan Safaa, halua, boi aliyembebea kiti kwenda kusikiliza muziki. “Taratibu mwanangu, nafika huko,” aliniambia. Nilipoyaandika mazungumzo, nikayaondoa yote hayo, nikayaita porojo. Kisha nikazifuta rekodi zenyewe.

Aliyenisuta ni Zhang Dai, mwandishi wa China wa kale niliyemjua kupitia *In Limpid Dream*, kitabu kinachomhusu cha mwaka 2007 cha Philip Kafalas, aliyefundisha Kichina katika Chuo Kikuu cha Georgetown, hapahapa Washington. Zhang alizaliwa Shaoxing mwaka 1597 katika ukoo wa wenye vyeo, akala raha kwelikweli: taa za sikukuu, michezo ya kuigiza, chai za kuchagua. Mwaka 1644 Beijing ikaanguka, mfalme wa nasaba ya Ming akajinyonga, Wamanchu wakatwaa nchi. Vita vilipofika kwao, Zhang akakimbilia milimani na maktaba yake ikapotea. Huko, chakula kikiwa cha shida, akaendelea na historia ya Ming aliyoianza zamani. Na kando yake akaandika insha fupifupi za yale aliyoyapenda. Dibaji yake yasema anazikumbuka anasa hizo ili azitubie mbele ya Buddha. Ukizisoma, toba huioni sana. Unaona kaa walivyoliwa, waigizaji walivyocheza, na nani alikuwa akihudumia.

Hapo ndipo niliposhikwa. Zhang hakuona kwamba historia ya dola inazifukuza insha za kaa na chai. Mimi niliona hivyo, au nilijisingizia kuona hivyo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mzee alikuwa mtoto wa wenye mashamba ya karafuu, na nilihofu wasomaji watasema naililia enzi ya Sultani. Nikamtengeneza mhanga safi, asiye na tabaka. Nikamfuta na yule boi, ambaye mzee mwenyewe hakumficha, akimkumbuka kwa jina na mwendo wake. Katika maandishi yangu hakuna tena anayebeba kiti, wala sababu ya mtu yeyote kuwa na hasira mwaka 1964.

Mzee amefariki, siwezi kumrudia. Nakala iliyobaki nimeiwekea ukurasa wa mbele unaoeleza nilichokata na kwa nini. Watoto wake wameusoma. Mmoja amenishukuru, mwingine amenijibu kwamba sauti ya baba yake si kitu cha kuombewa radhi kwa ukurasa mmoja, na sina la kumpinga.