Kicheko cha Kwenye Kiti



Katika jumuiya moja ndogo ndogo hapa Chang'ombe niliulizwa, nusu kwa utani na nusu kwa shutuma, kama inafaa padre kukaa macho usiku akitazama vipindi vya mahojiano ya watu mashuhuri. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye seminarini tulimsoma hadi macho yakauma, anafundisha kwamba mtu asiyejua kabisa kucheka, na anayewakwaza wengine wanapocheka, ana kasoro ya tabia. Kwa hiyo inafaa. Tena nina vipande ninavyovipenda.

Wengi mnakikumbuka kipindi cha Mkasi, alichokiongoza Salama Jabir kupitia EATV katika miaka ya 2010. Waliobuni kuwahoji wasanii saluni walikuwa na hekima. Mtu aliyeketi kwenye kiti cha kinyozi amefungwa kitambaa shingoni, mikono imefunikwa, kichwa hakigeuki, na mashine inanguruma sikioni; mwenye gari la kifahari na mwendesha bodaboda pale ni sawa. Salama naye si mtu wa kubembeleza, kama wajuavyo waliomwona akiwa jaji wa Bongo Star Search. Kilichonichekesha daima ni ile dakika msanii anapochoka kulilinda jina lake, akaanza kujicheka mwenyewe.

Kipande cha pili nimekiona mtandaoni tu, kwa kuwa kilirushwa Uingereza mwaka 1976, wakati sisi wa Bara tulikuwa bado hatuna kituo hata kimoja cha televisheni (tulisubiri hadi 1994, huku ndugu zetu wa Zanzibar wakiwa nacho tangu miaka ya 1970). Michael Parkinson wa BBC, mtu nadhifu na mwenye heshima zake, alimkaribisha mchekeshaji Rod Hull, aliyefika na mwanasesere wa emu, ndege wa Australia anayefanana na mbuni. Ndege yule, yaani mkono wa Hull, akamvamia mwenyeji bila huruma mpaka Parkinson akaporomoka kitini, suti, viatu na vyote. Bwana huyu alimhoji Muhammad Ali mara nne! Lakini hadi anafariki mwaka 2023 watu walikuwa wakimkumbusha ndege. Nimekitazama mara nyingi kuliko inavyompasa mtu anayeadhimisha Misa ya saa kumi na mbili asubuhi.

Kipo pia kicheko kilichonikosesha raha. Mwezi Novemba 2016, katika kipindi cha Jeff Koinange kituoni KTN, Nairobi, Miguna Miguna alimtolea Esther Passaris maneno ya kumdhalilisha kama mwanamke, mbele ya taifa zima. Wote wawili walikuwa wakiwania ugavana wa jiji. Mwenyeji, ambaye ucheshi wake ndio uliowavuta watazamaji, alilaumiwa kwa kucheka badala ya kuyazima, na kituo kikakifuta kipindi. Passaris alichaguliwa mwaka uliofuata kuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi. Mimi sikuweza kucheka. Kwa Parkinson aliyeanguka ni mwenye kiti, mwenye maikrofoni na mwenye nyumba. Hapa aliyeangushwa ni mgeni, na aliangushwa kwa sababu tu ya jinsi alivyoumbwa. Watoto wetu hutazama vyote viwili kwenye simu ileile, wala hakuna anayewaonyesha tofauti.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliiona tofauti hiyo. Tarehe 14 Juni 2024 aliwaalika Vatikani wachekeshaji zaidi ya mia moja, akawaambia kwamba hata Mungu tunaweza kumtania, kama tunavyotaniana na tuwapendao, bila kuumiza imani ya watu, hasa maskini. Miongoni mwao alikuwamo Jimmy Fallon, mwenye kipindi cha usiku huko Marekani, na Whoopi Goldberg, yule mama wa filamu za watawa, Sister Act. Mwaka huohuo Whoopi alimsimulia Fallon kipindini kwamba aliwahi kumwomba Papa aonekane kidogo katika filamu ya tatu, naye Papa akamjibu kuwa ataangalia nafasi yake ya muda.

Jibu hilo nimekwisha kulitumia mara mbili wiki hii, yote mawili kwa kamati ya harambee.