Mtakatifu Thoma na Vidonge vya Mama



Wapendwa wasomaji, mama yangu ana miaka 48, na ameniruhusu niandike haya. Tangu mwaka jana hushtuka saa nane za usiku, moyo ukimwenda mbio, jasho likimtoka, akihofia jambo asilolijua. Hedhi yake nayo imepoteza mpangilio. Wapo waliomwambia kuwa imani yake imepungua, asali zaidi. Mama husali rozari kila siku.

Daktari alimweleza hivi: miaka kadhaa kabla ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, na homoni hiyo inahusika na kemikali za ubongo zinazotuliza hisia. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Lakini tezi ya shingoni na upungufu wa damu navyo huweza kuleta dalili kama hizo, hivyo alipimwa kwanza.

Alianza bila dawa: kutembea kila siku, kuacha kahawa jioni, kulala kwa saa maalumu, na ushauri nasaha uliomfundisha kuyapima mawazo ya hofu. Wengine hupona hapo. Wengine huhitaji dawa za homoni, kama afya yao inaruhusu, au vidonge vya wasiwasi, ambavyo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na havikatizwi ghafla bila daktari. Baada ya miezi mitatu usingizi ulikuwa haujarudi, mama akakubali vidonge. Sasa analala. Ila huvificha chini ya kanga kabatini, wanajumuiya wasivione. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka huu darasani tunamsoma Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa Theologiae anauliza ni nini hupunguza huzuni. Anataja machozi, huruma ya marafiki na kutafakari ukweli. Kisha anataja usingizi na kuoga! Hakuona aibu, maana kwake roho haimo mwilini kama nahodha katika jahazi. Roho na mwili ni mtu mmoja. Basi kidonge kinachotuliza mwili hakishindani na rozari. Hata Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake.

Wapendwa, tusipime imani ya mtu kwa mapigo ya moyo wake. Mama akisema halali, tumuulize kama ameonana na daktari, na ikibidi tumsindikize. Nasi tunaojiandaa kwa upadre, kesho tutawasikiliza akina mama hawa kitubioni. Tujifunze leo kutofautisha dhambi na mabadiliko ya mwili. Huruma ya marafiki imo katika orodha ya Thoma, na hiyo haiuzwi duka la dawa.